Panga ya mpini wa plastiki: nimeitumia, hasira bado

Bandugu, mimi si mtu wa kulalamika ovyo, ila hii panga imenifikisha. Niliinunua Kadutu, kwa soko ya hapa Bukavu, siku moja ya mvua, wiki tatu ao ine hivi zimepita, ile ya mpini mweusi wa plastiki, inang'aa mpaka unajiona uso. Dola saba! Nikapanda nayo Kabare kwa shamba ya baba mkwe.

Migomba ilikata vizuri, sidanganyi. Lakini mgomba ni maji tu, hata kisu cha jikoni kinauangusha. Tukafika kwa mukaliptusi ju ya kuni. Pigo la nne nasikia kitu kinacheza mkononi kama jino la mtoto, nikajisemea ni jasho, nikapiga tena, chuma ikaruka ikapita karibu na goti ya shemeji, mimi nimebaki nashika plastiki. Angalia mule ndani sasa: chuma imeingia urefu wa kidole, basi. Na vile vichwa vitatu vya misumari unaviona inje, viwili ni mapambo, havishiki kitu!

Baba mkwe akacheka tu. Akaleta yake, ile bafundi wanafua na resori ya kamio, zile springi za chini ya lori, nyeusi, mbaya kwa macho, chuma inatokea mpaka nyuma ya mpini. Njo iliangusha ule mti.

Nikarudi kwa muuzaji. Siku ya kununua nilikuwa "mukubwa wangu", leo ni "weye". Ananiuliza mbele ya batu: "Ulikata mti ao ulikata jiwe?" Namwambia mukaliptusi. "Aa, hiyo ni ya majani." Kumbe! Na siku ile uliigonga kwa meza, tiii, ukasema inapasua hata mfupa? Hakunirudishia hata franga mia tano.

Sasa kinachoniudhi zaidi: fundi wa hapa kwetu aliichomelea mkia mrefu, akabana mbao mbili, misumari ya kweli, franga elfu tano, na sasa inakata kuliko ile yangu ya zamani, nimeinoa mara moja tu. Kwa hiyo usinunue. Ao kama fundi yuko karibu, nunua, ila huo mpini uhesabu kama kartoni ya kufungia. Hapana, usinunue, yule mtu asipate hata dola yako moja.

Jana shemeji, yule wa goti, amekuja kuniazima hiyo hiyo panga. Nimemnyima.