TAHADHARI: "Wahandisi wa mazingira" wanaouza dawa ya kuondoa madini ya risasi (lead) kwenye udongo na visima, Mombasa

Ndugu zangu wa Changamwe, Mikindani, Jomvu na kote huku magharibi, kuna kundi linapita nyumba kwa nyumba likidai limetumwa kusafisha udongo na visima vilivyoingiwa na sumu baada ya mafuriko. Wamevaa majaketi ya kung'aa na kofia za ujenzi, na shingoni wana vitambulisho vya plastiki. Msiwape hata shilingi.

La kwanza wanalotaja ni mtaa wa Owino Uhuru, maana wanajua hakuna mzazi huku asiyeshtuka akilisikia jina hilo. Kile kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilichokuwa pale kilifungwa 2014, watoto wakiwa tayari wana risasi kwenye damu. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha. Mateso ya watu wale ndiyo yamegeuzwa mtaji wa matapeli, na hilo haliwezekani kunyamaziwa.

Kisha linakuja jaribio, na hapo ndipo wengi wananaswa. Wanachota maji ya kisima chako kwenye gilasi moja na maji ya chupa ya dukani kwenye nyingine, wanatumbukiza kimashine chenye vyuma na kuchomeka kwenye stima. Muda si mrefu maji ya kisima yanageuka kahawia na kuota utando mzito juu. Ya chupa yanabaki safi. "Mama, ona risasi wanayokunywa wajukuu wako."

Ile si risasi. Ni kutu ya vyuma vyenyewe. Visima vyetu vina maji ya chumvi, maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, kwa hivyo chuma huliwa haraka. Maji ya chupa yana madini machache, umeme hauna njia ya kupita. Tia kijiko cha chumvi ya kupikia kwenye gilasi ya maji ya chupa uwaambie warudie mbele yako, uone watakavyoanza kukusanya vitu vyao. Risasi iliyoyeyuka kwenye maji haina rangi wala harufu. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita, na hakuna jicho la mtu linaloweza kuona hiyo.

Jirani yangu, mama mjane mwenye vyumba vya kupangisha, aliitishwa shilingi 45,000, nusu ikiwa arbuni. Vijana walikwangua udongo wa juu uani, wakanyunyiza unga mweupe, wakamwaga klorini kisimani, wakamwachia "cheti". Udongo waliokwangua waliupakia kwenye mkokoteni wakaenda kuumwaga kando ya mfereji ambapo watoto wa mtaa wa pili hucheza. Hili ndilo linaloniuma kuliko pesa. Kama udongo ule kweli ulikuwa na sumu, wamewahamishia watoto wengine.

Kuhusu huo unga: risasi ni elementi, haifi wala haiozi. Zipo kemikali ziitwazo fosfeti ambazo wataalamu huzitumia kuishika ndani ya udongo isiingie mwilini kwa urahisi, lakini inabaki palepale, na hakuna anayezitumia kabla ya kupima. Klorini nayo ina kazi yake. Kisima kikiingiwa na maji ya choo wakati wa mafuriko, inaua vijidudu, na afisa wa afya ya umma atakuelekeza kipimo. Haiondoi risasi, wala dizeli.

Na cheti chenyewe nimekishika. Kila mstari umeandikwa 0.00. Hakuna jina la maabara, hakuna tarehe ya kuchukua sampuli, hakuna kina cha udongo. Maabara ya kweli haiandiki sifuri, huandika kwamba kiasi kiko chini ya kile ambacho mashine yake inaweza kupima.

Kazi halali huanza na sampuli za sehemu na kina tofauti, kabla na baada ya usafi, zikapimwa na maabara isiyo na uhusiano na anayesafisha. Waulizeni swali moja tu: udongo huu unaenda wapi? Anayebeba taka hatari lazima awe na leseni ya NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira. Majina ya wataalamu yathibitisheni katika afisi ya NEMA, na ya wahandisi katika Bodi ya Wahandisi, si kwa kupiga nambari iliyoandikwa kwenye kadi yao. Mkemia wa Serikali ana afisi hapa Mombasa, ulizeni hapo kuhusu kupimisha maji. Mwenye wasiwasi juu ya mtoto amwombe daktari kipimo cha damu. Risasi ikifika mikrogramu 5 kwa desilita ya damu, Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa.

Waliokwisha kulipa, msifute ujumbe wa M-Pesa. Nendeni kituo cha polisi mpewe nambari ya OB (kitabu cha matukio), na mkiweza nendeni pamoja, maana mlalamishi mmoja huzungushwa. Unga uliobaki msiumwage chooni wala jaani. Ufungeni kwenye mfuko, muuweke mbali na watoto na kuku, kwa sababu hatujui ni kitu gani na ndio ushahidi tulio nao.