Lenzi ya mkono ya 10x: inatosha kutambua maika nyeusi?

Haya wakuu, karibuni tena. Leo ninayo hii lenzi ya mkono ya kukunja, 10x, yaani inakuza mara kumi, ndani ina vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja, ndio maana hata pembeni huoni zile rangirangi. Nimeipeleka fildi kwa kazi moja tu, baiotaiti, ile maika nyeusi (maika ni madini yanayobanduka vigamba vyembamba) inayochanganya watu kila siku kwenye graniti.

Kwanza namna ya kushika, maana wengi wanailaumu lenzi bure. Isogeze karibu kabisa na jicho halafu jiwe ndio ulilete, kwa 10x linatakiwa liwe kama sentimita 2.5 tu kutoka kwenye kioo.

Sasa ona hilo doa jeusi. Zungusha jiwe polepole juani, uso mzima unawaka kwa mpigo, unazima kwa mpigo, bapa kabisa. Honiblendi, madini mengine ya kwenye graniti, nayo nyeusi, nayo inang'aa, ila yenyewe ni ndefundefu na inapasuka pande mbili zinazokutana kwa nyuzi 56 na 124, kwa hiyo kwenye lenzi unaona vijingazi. Baiotaiti inapasuka upande mmoja tu, tabaka juu ya tabaka kama kurasa.

Lakini nisikufiche, lenzi peke yake haimalizi kazi, beba sindano. Ichomeke ukingoni, ikibandua kakaratasi hiyo ni jamii ya maika au jirani yake, maana ugumu wa baiotaiti ni 2.5 hadi 3 kwenye skeli ya Mohs, kipimo cha ugumu wa madini cha 1 hadi 10, wakati honiblendi ni 5 hadi 6, na turmalini nyeusi, madini mengine meusi, ndio usiseme, 7 na kuendelea. Halafu kakunje taratibu ukaachie. Kakirudi kunyooka, maika. Kakibaki kamepinda na kakiwa na ukijani, hiyo kloraiti, yale madini jirani ya maika, na msishangae kuzikuta zote mbili kwenye jiwe moja kwa sababu baiotaiti ikibadilika mara nyingi inageuka kloraiti. Ina chuma zaidi au magnesi zaidi? Hiyo ni kazi ya maabara, wewe kwenye daftari andika baiotaiti, inatosha.

Na jamani, ile baiotaiti iliyochakaa kwa mvua na jua ikawa na rangi ya dhahabu, tafadhali ichomeni sindano kabla hamjaanza kuchimba! Dhahabu inabonyea, haibanduki vigamba, na ukiitikisa kwenye maji inabaki chini wakati maika inaondoka na maji.

Zile za 30x mimi sishauri kwa kazi hii, unaona eneo dogo mno, tena giza, mkono ukitikisika tu umepoteza punje yako. Hii ya 10x naipa alama za juu, kasoro yake ni skrubu ya bawaba inalegea, ikaze mapema na uifunge kamba shingoni. Na kama yako ina taa, izime ukiwa juani, inafanya kila kitu king'ae halafu huoni tena uso upi umewaka.