TAHADHARI: Kompyuta imegoma kuamka usingizini? Usilipie "mazabodi mpya" (bodi kuu ya kompyuta) kabla hujapima haya

Wenye kompyuta za mezani, hasa hizi za mtumba za Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre zilizojaa maofisini na kwenye steshenari: kuna mchezo wa vishoka, na watu wanapigwa kweupe.

Uko hivi. Mashine imeachwa kidogo, ikalala. Mwenyewe akirudi anabonyeza kibodi, kimya. Feni labda inazunguka, labda taa inawaka na kuzima, lakini skrini nyeusi tii. Anaibeba kwa fundi. Fundi anatikisa kichwa: "Mazabodi imekufa hii, bosi. Bahati yako kuna moja imebaki." Mteja anaacha mashine na malipo ya awali, kesho anaikuta inawaka safi. Kumbe kilichofanyika ni kuchomoa waya wa umeme, kusubiri kidogo, kuwasha upya, kisha kuweka "Never" kwenye mpangilio wa Sleep ili isilale tena. Mazabodi ni ileile. Wenye roho ngumu zaidi hawaishii hapo: RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 16 inarudi GB 8, na SSD (diski ya kuhifadhia) inarudi ndogo kuliko iliyoingia.

Udanganyifu huu unapita kwa sababu wengi wanadhani kompyuta iliyolala imezimwa. Haijazimwa. Katika usingizi wa kawaida wa kompyuta ya mezani, ule unaoitwa S3, prosesa, diski na feni vinakatiwa umeme, lakini RAM inaendelea kulishwa ili kazi zako zisipotee. Chakula hicho kinatoka kwenye njia ndogo ya pawa saplai (kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) inayobaki hai muda wote waya ukiwa ukutani. Kwenye pawa saplai za kawaida ni volti 5, na kwenye lebo imeandikwa +5VSB. Kuamka kunahitaji njia hiyo iwe nzima, RAM iwe imetunza data, draiva zote (programu zinazoendesha vifaa) zikubali kurudi kazini, na kifaa unachobonyeza kiwe na ruhusa ya kuamsha. Kimoja kikigoma, unapata skrini nyeusi. Mazabodi mbovu inaweza kuleta dalili hizo, ndiyo, lakini mashine inayowaka kawaida baada ya kuchomolewa umeme na kupiga kazi kutwa nzima bila shida haina mazabodi "iliyokufa". Hapo anza kumshuku aliyekuambia.

Pima kwanza. Siku nyingine ikigoma, usikimbilie kitufe cha kuzimia. Bonyeza Caps Lock. Taa ya kibodi ikibadilika, kompyuta imeshaamka na kilicholala ni picha. Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Hiyo inaanzisha upya draiva ya picha, na mara nyingi skrini hurudi palepale. Isiporudi, zima monita na uiwashe, au chomoa waya wake na uurudishe. Kama unatumia waya wa DisplayPort, jaribu HDMI au waya mwingine: zipo nyaya za bei poa ambazo pini ya 20 imeunganishwa pande zote mbili wakati kiwango cha VESA, shirika linalosimamia DisplayPort, hakitaki hivyo, na umeme wa monita unavuja kurudi ndani ya kompyuta. Waya wa namna hiyo umewahi kuhesabiwa kuwa kadi ya picha mbovu, na watu wakalipa.

Taa ya Caps Lock isipobadilika, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 mpaka izime, iwashe, kisha kafungue shahidi asiyehongwa. Bonyeza Windows na R, andika eventvwr.msc, ingia Windows Logs, halafu System. Tafuta tukio namba 42 kutoka Kernel-Power: hapo ndipo mashine ilipolala. Angalia kilichofuata. Ukikuta 107, au namba 1 kutoka Power-Troubleshooter, ndipo ikaja 41 (mashine ilizimika bila utaratibu), maana yake iliamka na tatizo likaanzia baada ya hapo, hivyo elekeza macho kwenye draiva na picha. Ukikuta 42 kisha 41 moja kwa moja, bila kitu cha kuamka katikati, haikuamka kabisa, au umeme ulikatika ikiwa imelala.

Hilo la umeme kwetu tusilipuuze. TANESCO wakikata dakika mbili tu saa nane usiku na huna UPS (betri ya akiba), RAM inasahau kila kitu. Asubuhi mashine inawaka upya kana kwamba iligoma kuamka, na kazi ambayo hukuihifadhi imekwenda. Mpangilio wa "Hybrid sleep" ndio unaokinga hapo, kwa sababu unaandika nakala ya RAM kwenye diski kabla ya kulala. Aliyewahi kukimbiza amri ya powercfg /h off ili kupata nafasi kwenye diski ameifuta kinga hiyo bila kujua.

Kama mashine inaamka kwa kitufe cha kuwashia lakini si kwa kibodi, hakuna kilichoharibika. Fungua Device Manager, chagua kibodi, nenda Power Management, weka tiki kwenye "Allow this device to wake the computer". Ikishindikana, ingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine, kabla Windows haijawaka): kwenye Dell tafuta "Deep Sleep Control" uizime na "USB Wake Support" uiwashe, kwenye mazabodi za kuunganisha mwenyewe kipengele cha kuzima huitwa ErP. Deep Sleep na ErP vinaweza kukata umeme wa USB ili kubana matumizi. Hamisha pia kibodi kutoka kwenye hub (kigawanyio cha USB) na uichomeke nyuma, moja kwa moja kwenye mazabodi.

Draiva ndiyo mshukiwa mkubwa, hasa baada ya kupandisha Windows. Pakua ya picha na ya chipset (chipu za mazabodi) kwenye tovuti ya aliyetengeneza mashine, kwa kutumia namba iliyo kwenye stika ya kava. Usipakue zile programu za "kusasisha draiva zote kwa mbofyo mmoja" zinazojitokeza kwenye matangazo ya utafutaji: zinaonyesha makosa lukuki hata kwenye mashine mpya, kisha zinaomba kadi ya benki. Na ukurasa wowote unaojaza skrini kwa kengele na namba ya "Microsoft" ya kupiga ni tapeli, hakuna mjadala. Ujumbe wa makosa wa kweli wa Microsoft hauna namba ya simu.

Baadaye zima "Turn on fast startup" kwenye Power Options, na weka "Link State Power Management" ya PCI Express kuwa Off. Ukiona nafuu, umeokoa pesa ya mazabodi bila hata bisibisi.

Ndani ya kava kuna vitu viwili vya bei ndogo. Betri ya CR2032, ileile ya mafundi saa: mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo, kama saa na mipangilio ya BIOS hupotea kila ukichomoa waya, ibadilishe. Kisha RAM: chomoa umeme, toa vijiti, safisha meno yake, rudisha kimoja kimoja na jaribu kulaza mashine kwa kila kijiti. RAM iliyoongezwa kasi kwa XMP (mpangilio wa BIOS) inaweza kufanya kazi kutwa bila tatizo na kuanguka wakati wa kuamka tu. Izime XMP kabla ya kulaumu chochote.

Ikibaki pawa saplai, mwenye mita apime waya wa zambarau, pini ya 9 kwenye plagi ya pini 24: inapaswa kuwa kati ya volti 4.75 na 5.25, mashine ikiwa imelala. Ikishuka chini ya hapo, kapasita za upande huo zimechoka, jambo la kawaida kwa mashine iliyokaa miaka kwenye umeme wa kupanda na kushuka. Usifungue pawa saplai yenyewe. Kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa. Na angalia: OptiPlex nyingi na wenzake hazitumii plagi ya pini 24, kwa hiyo vipimo hivyo haviwahusu, soma lebo. Hapa pia vishoka hupenya. Wanatoa pawa saplai ya kiwandani iliyo nzima, wanakufungia ya "500W" nyepesi kama maboksi matupu kwa waya wa kubadilishia plagi, na ile ya kwako inauzwa kwa mwingine.

Ikibidi uipeleke, usiondoke mikono mitupu. Fungua PowerShell (dirisha la Windows la kuandikia amri), kimbiza amri hizi tatu na upige picha majibu:

Get-CimInstance Win32_BaseBoard | Select Product,SerialNumber
Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory | Select Capacity,PartNumber,SerialNumber
Get-PhysicalDisk | Select FriendlyName,SerialNumber,Size

Siku ya kuchukua, zikimbize tena palepale dukani. Umeambiwa mazabodi mpya na namba ya mfululizo ni ileile? Hakuna mazabodi iliyobadilishwa. Windows ikidai leseni baada ya matengenezo, au BitLocker (kufuli la Windows la diski) ikitaka ufunguo wa tarakimu 48, hiyo ni dalili kuwa bodi huenda ilibadilishwa kweli, kwa kuwa leseni na chipu ya usalama ya TPM hufungamana nayo. Kwa hiyo chukua ufunguo huo kwenye akaunti yako ya Microsoft kabla ya kuipeleka, la sivyo mafaili yako yatabaki yamefungwa hata kama fundi ni mwaminifu.

Ujanja mmoja ni mgumu kuuona. Fundi anapiga Windows upya na kuacha kuweka draiva ya picha. Kwenye Device Manager utaona "Microsoft Basic Display Adapter", na neno Sleep limetoweka kabisa kwenye menyu ya kuzimia. Tatizo "limepona" kwa sababu mashine haina tena uwezo wa kulala. Andika powercfg /a kwenye PowerShell: ikisema S3 haipatikani kwa sababu ya draiva ya picha, umeshajua. Ila baadhi ya mashine mpya hutumia usingizi mwepesi uitwao S0 badala ya S3, hivyo soma sababu iliyoandikwa, si jibu tu.

Wanunuzi wa mtumba, mbinu hiyohiyo hutumika kuuzia mashine yenye ugonjwa. Kabla ya kulipa, bonyeza Start, Power, Sleep. Subiri dakika kama tano, iamshe kwa kibodi. Rudia mara tatu, na mara moja uiamshe kwa kitufe. Muuzaji akisema "hizi za ofisi hazilali", au akataka kuharakisha, rudisha pesa mfukoni.

Kwa aliyekwisha kupigwa: dai kifaa cha zamani, maana bodi iliyotolewa kweli lazima iwepo mahali. Dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa kilichowekwa, si neno "matengenezo" peke yake. Vikigomewa vyote viwili, picha zako za namba za mfululizo kabla na baada ndizo za kupeleka polisi.