Kifaa cha kuhamishia CD zako kwenye kompyuta: kipi ununue kwanza

Laptopu nyingi za siku hizi hazina tena mahali pa kuingiza CD. Mwenye kabati la taarabu, zilipendwa na kaswida inabidi anunue kitu kabla hajahamisha hata wimbo mmoja. Nimevipanga vifaa hivi kwa kigezo kimoja: muziki utoke kwenye CD ukiwa kamili.

Namba moja ni kisomaji cha DVD cha nje, kile cha kuchomeka kwenye USB. LG na ASUS wamevitengeneza kwa miaka mingi, na vinasoma CD za kawaida vizuri. Programu huhitaji kununua: Exact Audio Copy ya Windows ni ya bure kwa matumizi ya nyumbani. Ikikuta mkwaruzo husoma sehemu hiyo tena na tena, kisha hulinganisha ilichopata na walichopata wengine wenye CD hiyohiyo, kupitia hifadhidata ya AccurateRip. Ukiwa dukani, omba kukijaribu kwa CD yako mwenyewe. Kikijizima katikati ya wimbo, mara nyingi ni umeme wa USB haukitoshi. Badilisha tundu, au chukua chenye waya wa vichwa viwili.

Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili la muziki linalobana ukubwa. Albamu ya saa moja ina takriban MB 600 kwenye CD. FLAC huishusha hadi MB 300 au 400 hivi bila kupunguza chochote kwenye sauti. Diski ya nje ya TB 1 itabeba albamu zaidi ya 2,000. Nunua mbili, moja ikae kwa ndugu au jirani unayemwamini. MP3 ya kwenye simu itengeneze baadaye kutoka kwenye FLAC, maana kilichopotea kwenye MP3 hakirudi.

Namba mbili: kompyuta ya mezani iliyotumika, yenye DVD ya ndani. Inachukua nafasi, lakini kwa mwenye mamia ya CD inafaa sana. Namba tatu: kumlipa fundi wa studio. Mwambie mapema unataka FLAC, la sivyo atakurudishia flashi ya MP3.

Mwisho kabisa naweka redio za CD zenye kitufe cha kurekodi kwenda USB. Zinavutia kwa kuwa hazihitaji kompyuta. Lakini nyingi hurekodi wimbo ukiwa unapiga, kwa hiyo CD ya saa moja inakula saa nzima, na kinachotoka ni MP3 ya ubora wa chini isiyo na majina. Usinunue kwa kazi hii.

Kifaa chochote utakachochagua, anza na CD za kuchoma, zile zilizoandikwa kwa kalamu. Rangi inayobeba muziki ndani yake hufifia kwa jua na joto, na huharibika kabla ya zile za kiwandani. Ukifungua diski ukakuta mafaili ya MP3, yakopi yalivyo. Kuyageuza FLAC hakuongezi kitu. VCD za taarabu nazo kopi faili la DAT zima, picha na sauti. Majina ya nyimbo jiandae kuyaandika mwenyewe ukisoma kwenye kasha, kwa sababu CD nyingi za kwetu hazimo kwenye orodha za intaneti.