Nakala ya Katiba kutoka steshenari ya Majengo: fungua kwanza ibara ya 63

Nilinunua nakala ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 kwa shilingi 6,000 katika duka la steshenari karibu na Soko la Majengo, hapa Dodoma, kwa sababu wanafunzi wangu wa Uraia, ambao bado wanaukumbuka mjadala wa mkataba wa bandari baina ya Tanzania na Dubai uliopitishwa Bungeni tarehe 10 Juni 2023, walitaka kujua Bunge lilipata wapi madaraka hayo. Ni kopi ya mashine, iliyotobolewa matundu pembeni na kufungwa kwa waya wa plastiki. Maandishi yake yanasomeka bila miwani.

Jibu limo katika ibara ya 63(3)(e): Bunge laweza kujadili na kuridhia mikataba yote inayohusu Jamhuri ya Muungano na ambayo kwa masharti yake inahitaji kuridhiwa. Katika nakala yangu, matundu yalikuwa yamepita juu ya maneno "kwa masharti yake", na hasara hiyo si ndogo hata kidogo, kwani bila maneno hayo msomaji ataamini kwamba kila mkataba ni lazima upelekwe Bungeni, ilhali Katiba inauachia mkataba wenyewe useme kama unahitaji kuridhiwa. Nilipoirudisha, muuzaji aliitazama akasema, "Samahani mwalimu, hii imetobolewa vibaya, ngoja nikutolee nyingine." Hakunidai hata shilingi, na kwa hilo namshukuru.

Orodha ya yaliyomo inaitaja ibara hiyo kwa jina la "Madaraka ya Bunge" tu, hivyo anayetafuta mikataba hupekua sana. Tena, Katiba peke yake haimtoshi mwalimu. Mkataba ulioridhiwa huifunga nchi mbele ya mataifa mengine, lakini ili mahakama zetu ziutumie kama sheria ya ndani, Bunge hutunga sheria. Darasani nilieleza kwa Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000. Sheria yetu ya kuutekeleza ilitungwa mwaka 2001.

Kwa bei hiyo nawashauri walimu wenzangu wainunue, ila kabla ya kulipa waisome aya ya (e) hadi neno la mwisho.