Nimebadilishiwa rejeta na pampu ya maji, kumbe shida ni rilei ya feni

Jamani naandika hii bado nina hasira, mnivumilie. Gari yetu ni ya siku nyingi, ile ya familia ya kubebea watoto na mizigo, na kwa kweli imetutumikia vizuri sana siwezi kuisema vibaya. Ila miezi kadhaa nyuma ikaanza kuchemsha, na hapo ndo nilipomjua fundi niliyekuwa namwamini kuliko ndugu zangu wengine.

Nilimpelekea nikamweleza kitu kimoja, na nilikirudia mara tatu kwa sababu alikuwa anachezea simu. Nikamwambia fundi, inachemsha ikisimama. Ikiwa inakimbia barabarani mshale wa joto umetulia katikati hautingishiki kabisa, nikiingia kwenye foleni dakika kumi hivi unaanza kupanda, foleni ikifunguka nikakimbia kidogo unashuka wenyewe. Hayo ndo maneno yangu. Akaniangalia akasema mama, gari zikizeeka ndo zinakuwa hivyo, hiyo ni gasketi (ile inayoziba katikati ya injini na silinda hedi). Hapo hajafungua boneti. Hajaniuliza swali hata moja, inachemsha saa ngapi, maji yanapungua au hayapungui, nimewahi kusikia feni ikilia au la, hakuna. Halafu akaongeza: naomba namba ya baba nyumbani nimweleze yeye, hizi habari za injini zitakusumbua tu mama.

Nikae niseme nini hapo. Baba watoto hajawahi hata kuifungua hiyo boneti. Anayeiendesha kila siku ni mimi, anayejua ikilia vizuri na ikilia vibaya ni mimi, na siku ile imechemsha katikati ya foleni na watoto wako nyuma ni mimi niliyezima kiyoyozi nikawasha hita mpaka mwisho, watoto wanalia joto nawaambia vumilieni, kwa sababu najua hita inavuta joto la injini na kulitolea ndani ya gari, angalau mshale usifike pale pekundu kabla sijapata sehemu ya kupaki. Mtu anayejua hivyo unamwambia akupe namba ya baba? Nikampa. Ndo kitu kinachoniuma mpaka leo, nilimpa namba kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Basi ikaanza safari ya kubahatisha. Kwanza rejeta, imeziba mama, tukaweka nyingine. Wiki kama mbili hivi foleni ile ile, mshale ule ule. Nikarudi, akasema pampu ya maji haisukumi. Ikabadilishwa. Ikachemsha tena. Mara ya tatu nimeiacha asubuhi nakuja jioni ananiambia nimekutolea thamostati, ndo ilikuwa inabana maji, sasa yanazunguka huru. Alilisema kama zawadi. Siku mbili tatu nikadhani kweli kapatia maana mshale ulikuwa unachelewa kupanda, halafu likaja jua kali na foleni ndefu, gari ikatoa mvuke mbele nikasimama pembeni natetemeka.

Na hapo nawaomba sana, ikikutokea usikimbilie kufungua kifuniko cha rejeta. Kile kifuniko kinabana presha, ndo maana maji ya kwenye injini yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukikifungua presha inatoka ghafla, maji yanachemka hapo hapo yanakurukia usoni. Zima gari, subiri mpaka rejeta na mipira yake ishikike kwa mkono, hata kama ni zaidi ya nusu saa, ndo ufungue. Mimi nilisubiri. Maji yalikuwa yamejaa kasoro kidogo tu.

Hilo la maji kujaa ndo lilinifanya nianze kumbishia. Mara ya nne aliposema sasa hakuna namna, ni gasketi, tunafungua silinda hedi, nilimwambia subiri kwanza fundi. Gasketi ikiungua si kuna dalili? Maji yanapungua na huoni yanakovujia, moshi mweupe unatoka nyuma hata injini ikiwa imeshapata moto, oili inakuwa rangi ya maziwa chini ya kifuniko, ukiwasha unaona mapovu kwenye rejeta. Mimi sina hata moja, nimeangalia mwenyewe. Akanijibu mbele ya vijana wake wote, kwa sauti, sasa mama wewe ndo fundi au mimi ndo fundi? Vijana wakacheka. Nikachukua funguo zangu nikaondoka.

Aliyeitibu ni mzee mmoja fundi umeme, sio hata fundi wa injini. Nimefika kakaa kwenye kigoda chake, swali la kwanza aliloniuliza: mwanangu, inachemsha ikiwa inatembea au ikisimama? Nilitaka kulia pale pale. Nikamwambia ikisimama mzee wangu. Akasema basi tusikilize feni. Ndo hivyo tu, tukaiwasha tukaiacha inaunguruma, mshale ukapanda ukapita katikati, feni kimya. Akaniambia washa kiyoyozi, maana gari nyingi ukiwasha kiyoyozi feni lazima izunguke hata injini ikiwa ya baridi. Kimya vile vile.

Gari ikitembea upepo wenyewe unapita kwenye rejeta unapoza maji. Ikisimama hakuna upepo, kinachovuta hewa ni feni peke yake. Kwa hiyo inayochemsha kwenye foleni na kupoa barabarani kitu cha kwanza kuangalia ni feni, hata mimi nisiyeshika spana sasa naielewa. Na ingekuwa kinyume, inachemsha ukiwa spidi au ukipanda mlima, hapo ndo ungeanza kuwaza rejeta kuziba, pampu, na hayo mengine. Yaani maneno yangu niliyorudia mara tatu ndo yalikuwa jibu lenyewe!

Mzee akatoa fyuzi ya feni akaiangalia, nzima. Akachomoa soketi ya feni akavuta nyaya mbili kutoka kwenye betri moja kwa moja, feni ikazunguka kwa nguvu. Kwa hiyo mota nzima. Akaniambia hapa kati kuna mlango haufunguki, akafungua boksi la fyuzi akachomoa rilei ya feni, ile swichi ndogo inayopeleka umeme kwenye feni, akachomoa na ya honi iliyokuwa na namba zile zile na miguu ile ile, akazibadilisha. Feni ikaamka. Honi ikafa. Akanionyesha ile mbovu, mguu mmoja umeungua mweusi na plastiki yake imeyeyuka kidogo. Akasafisha na pale inapochomekwa, akaweka rilei mpya, akaniambia kaa nayo hapo usizime, tuone feni ikiwaka na kuzima mara tatu yenyewe ndo uondoke. Kazi yote na kusubiri haikufika saa moja.

(Kama feni ya gari yako inazungushwa na mkanda wa injini hii ya rilei haikuhusu, wewe cha kukagua ni klachi ya feni. Injini ikiwa na moto sana na feni inazunguka kivivu vivu tu, mwambie fundi wako aanzie hapo.)

Sasa nitende haki. Nilipotulia nilisema labda namwonea yule wa kwanza. Breki alinifungia mwaka jana mpaka leo hazijalia, zinakamata vizuri, na kazi ile aliifanya mbele yangu kwa usafi. Na rejeta ya zamani kweli ilikuwa na kutu, aliimwaga nikaona maji kama chai, na hilo ni kosa langu, nimeongeza maji ya bomba miaka yote badala ya kulanti, na maji matupu hayana dawa ya kuzuia kutu. Kwa hiyo pengine rejeta ingekuja kuhitajika tu. Nilikuwa nimeshaanza kusema moyoni basi, yaishe, kila fundi ana siku yake mbaya, nitampelekea kazi za breki.

Halafu ikawaka taa ya injini kwenye dashibodi.

Nikarudi kwa mzee, akachomeka mashine yake ya kusoma, ikaleta namba ya kosa P0128, yaani joto la maji halifikii lile linalotakiwa. Thamostati! Thamostati ambayo haipo! Mzee akanieleza polepole, akasema ile sio kizibo cha kubana maji kama ulivyoambiwa, ile inajifunga injini ikiwa baridi ili ipate moto haraka, inaanza kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, inategemea gari. Ukiitoa, injini inatembea ya baridi muda mwingi, kompyuta inadhani ndo kwanza asubuhi inaendelea kumwaga mafuta mengi. Na mimi wiki zote hizo nashangaa mbona mafuta yanaisha haraka, nikadhani labda ni foleni.

Nikamfuata gereji. Nilimuuliza kwa adabu kabisa, fundi thamostati yangu iko wapi nirudishiwe. Akasema aah ile nilitupa, ya nini tena si gari imepona? Nikamwambia imepona kwa rilei. Akanyamaza kidogo, nikadhani atasema samahani mama, neno moja tu lingenitosha, kweli kabisa ningeondoka na amani. Akasema hizo rilei nazo huwa zinasumbua. Akaingia chini ya gari nyingine.

Basi nafuta nilichosema kuhusu breki. Simpelekei hata kujaza upepo. Kutojua sio dhambi, umeme wa gari ni kazi ya mtu mwingine na angesema mama hii mpelekee fundi umeme ningemheshimu maisha. Lakini kumtolea mtu kifaa kizima, kukitupa, halafu kumcheka anapouliza, hapana. Na nyie mnaopeleka gari, ombeni vifaa vya zamani mkabidhiwe mkononi, vyote, hata kama vimeoza.

Thamostati mpya imefungwa, kulanti imewekwa na hewa ikatolewa vizuri kwenye mfumo. Jana nimekaa kwenye foleni muda mrefu sana na kiyoyozi nimewasha, watoto wamelala nyuma, mshale katikati. Kila feni ilipowaka nilikuwa naisikia.

Juzi yule fundi alipiga simu kuuliza gari inaendeleaje. Alimpigia baba watoto. Baba watoto akasema ngoja nikupe mwenye gari, akanipa simu, nikasema haloo, ikakatwa.