Uzoefu wangu: seramiki ya kupuliza kwenye gari jeusi hapa Kampala

Gari langu ni Toyota Premio nyeusi, na rangi nyeusi haifichi kitu. Nimekuwa nikitumia Turtle Wax Hybrid Solutions Ceramic Spray Coating, dawa ya seramiki ya kupulizia inayoweka tabaka la kinga juu ya rangi ya gari, ile chupa ya mililita 473, tangu kiangazi hadi mvua za kati ya Machi na Mei zikapita. Naipenda, na nitainunua tena. Ila wanaolalamika kwamba inaacha michirizi na ukungu, hasa kwenye boneti na paa, naomba wanisikilize kabla hawajaitupa.

Michirizi huja dawa inapokauka kabla hujaisambaza, au unapopaka nyingi kuliko rangi inavyoweza kushika. Kampala iko karibu na ikweta, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na jua la saa sita likishika boneti nyeusi, maji ya dawa yanapotea papo hapo na kinachobaki kinaganda kwa mafungu. Kabla ya kupulizia, weka mgongo wa mkono kwenye bati. Kama linaunguza au hata lina uvuguvugu, subiri. Mimi hupaka saa moja asubuhi chini ya paa la maegesho. Chini ya mti sikushauri kabisa: utomvu unadondoka, na wale korongo marabu wa mji huu hawana huruma na gari la mtu.

Asubuhi nayo ina umande, na maji hujificha nyuma ya vioo vya pembeni na kwenye vishikio vya milango. Fungua milango na buti, futa kila upenyo. Tone moja likiteremka juu ya dawa mbichi, mstari wake utauona wiki nzima.

Maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Naosha kwa shampuu ya magari isiyo kali, si sabuni ya unga. Kisha navaa mfuko wa nailoni mkononi na kuupitisha juu ya rangi; ukisikia chengachenga, kuna uchafu ulionata, na huo unaondolewa kwa udongo laini wa kusafishia rangi ukiwa na maji ya kutosha. Magari yetu mengi yanatoka Japani yakiwa yametumika, na kabla ya kuuzwa hapa hupakwa polishi ili yang'ae. Mafuta ya polishi hiyo yakibaki, dawa inateleza juu yake. Kitambaa chenye spiriti iliyochanganywa na maji kinayamaliza.

Napulizia kwenye kitambaa, si kwenye bati, mipulizo miwili kwa nusu ya boneti. Nasambaza, nageuza upande mkavu, nafuta, halafu kitambaa cha pili cha maikrofaiba chenye manyoya mafupi kinamalizia. Ndipo nainama na kumulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, kwa sababu ukitazama kwa juu utadhani kumetakata. Nikiona ukungu, naongeza dawa kidogo palepale na kufuta mara moja. Ile mpya inailegeza iliyotangulia. Ukungu uliolala hadi kesho yake unaweza kudai polishi nyepesi na kurudia sehemu hiyo. Tabaka la pili nalipaka baada ya saa 24, gari likiwa halijaguswa na maji.

Siku nikitoka Masaka, tope jekundu linashuka kwa maji ya mpira tu, kabla sijashika sifongo. Nikikaa Entebbe jioni na vijidudu vya ziwani kujazana mbele ya gari, vinabanduka bila kusugua, mradi nisivilaze. Vinyesi vya ndege pia nalowesha na kuondoa mapema, maana seramiki hii haizuii asidi kwa muda mrefu. Wala haifichi mikwaruzo ya zamani, na usukani wa boda boda ukikupitia kwenye foleni, umekupitia.

Kilichobaki ni vitambaa. Askari wa getini kwetu, mzee mwema wa kutoka Arua, alikuwa ananifutia gari kila alfajiri kwa kitambaa kikavu.

“Mzee, shikamoo. Asante sana, lakini tusifute kavu, vumbi hili lina mchanga.”

“Marahaba. Basi niachie ndoo ya maji, kijana.”

Namwachia ndoo, na mikwaruzo ya duara imekoma kuongezeka. Vitambaa vyangu nafua peke yake, bila dawa ya kulainisha nguo, kwa kuwa inapaka nyuzi mafuta na michirizi inarudi. Kwenye sehemu za kuoshea magari naenda na vyangu, maana kuna mahali nimeona kitambaa kimoja kikianzia kwenye rimu na kuishia kwenye boneti.

Paa na boneti ndivyo vinavyochoka kwanza kwa jua, kwa hiyo hivyo naviongezea tabaka jembamba kabla ya mvua za Septemba. Mwenye gari jeupe au la rangi ya fedha atapata nafuu, michirizi haionekani sana. Mwenye jeusi au buluu iliyokoza, nunua chupa moja na vitambaa vingi.